Unga wa Agosti: hofu ya uchaguzi na mfuko wa Nairobi mwaka 2017

Mwaka 2017 familia nyingi za Nairobi zililipia vita ambavyo havikufika mlangoni kwao. Zililipa kwa unga ulionunuliwa kabla ya mshahara kuingia, kwa nauli ya kupeleka watoto mashambani, kwa kodi ya chumba kilichokaa kimefungwa, na kwa siku za kazi zilizopotea kwa sababu mwenye kazi naye alikuwa na hofu zake. Wanasiasa walihesabu kura. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu waliouawa, na ilikuwa haki kabisa kuanza na hao. Lakini hofu yenyewe, hata katika mitaa ambayo hakukurushwa jiwe, ilichukua pesa za watu, na ilimchukulia zaidi yule asiye nazo. Hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Ninachukua kipindi kimoja tu: kuanzia Mei 2017, unga ulipoadimika, hadi tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga walipopeana mikono nje ya Harambee House. Ni kama miezi kumi. Nairobi iliishi miezi hiyo ikisema neno moja: tungoje siasa iishe.

Agosti 2017 haieleweki bila Januari 2008. Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, na usiku huohuo mitaa ikaanza kuwaka. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walifurushwa makwao. Hayo tunayajua sote. Kinachozungumzwa kwa nadra ni jinsi maisha ya kawaida yalivyokatika. Maduka ya mitaani yalifungwa, mengine yakachomwa. Reli inayopita Kibera iling'olewa. Barabara za Bonde la Ufa zilizibwa kwa mawe na magogo, na kwa kuwa mafuta ya Uganda na Rwanda hupita hukohuko, Kampala na Kigali nako mafuta yakaadimika na bei ikaruka. Kadi za simu, zile za kukwaruza, zilipotea madukani na waliokuwa nazo wakaziuza kwa bei kubwa kuliko iliyoandikwa juu yake. M-Pesa ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ianze Machi 2007, na wengi waliijua thamani yake majuma hayo, ndugu wa mbali alipomtumia pesa mtu aliyejifungia Kibera asiyeweza hata kuvuka barabara.

Aliyepita hapo alitoka na mafunzo ambayo hakuna mwalimu angeweza kumpa. Weka chakula cha siku nyingi ndani. Weka pesa na salio la simu pale unapoweza kuvifikia bila kutoka nje. Na siku ya matokeo uwe mahali ambapo jina lako la pili, linalotaja kabila lako, halitakutia matatani. Wachumi hupenda kusema wanunuzi waliingiwa na taharuki, kana kwamba ni kundi la watu waliopotewa na akili. Mimi nasema walikuwa na kumbukumbu nzuri. Mama aliyewanywesha watoto uji mtupu siku tatu mwaka 2008 hakuhitaji redio imwambie afanye nini mwaka 2017.

Bahati mbaya, mwaka huo kumbukumbu hiyo ilikuta ghala tupu. Ukame ulitangazwa janga la kitaifa tarehe 10 Februari, viwavi jeshi vilikuwa vimeingia mashambani, na kufikia Mei pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 150, pale ilipopatikana. Serikali ikaruhusu mahindi ya nje yaingie bila ushuru, meli kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa, na wasagaji wakauziwa gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300 ili pakiti iuzwe shilingi 90. Unga huo wa 90 ulikuwa unaingia dukani asubuhi na kwisha kabla ya saa sita. Supamaketi zikaweka kikomo cha pakiti moja au mbili kwa mteja, na watu wakaja na watoto wao, kila mtoto ashike foleni yake.

Piga hesabu kidogo. Nyumba inayomaliza pakiti moja kwa siku mbili huhitaji pakiti 15 kwa mwezi. Kwa shilingi 90 hiyo ni 1,350, ukibahatika kuipata. Kwa shilingi 150 ni 2,250, zote zitoke kwa mara moja. Kwa kibarua wa mjengo aliyekuwa akirudi na kama shilingi 500 jioni, hiyo ni karibu juma zima la kazi, kabla hajanunua mafuta, sukari, sabuni, wala kulipa kodi ya nyumba. Na kodi ya nyumba haingoji siasa iishe.

Kuna jambo la kalenda hapa ambalo linanisumbua kuliko yote. Katiba ya 2010 iliweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mahindi mengi ya nchi hii hutoka Trans Nzoia, Uasin Gishu na majirani zao, nayo huvunwa kuanzia Oktoba. Juni, Julai na Agosti ni miezi ambayo ghala la mwaka jana linakwisha na shamba la mwaka huu bado ni bichi, bei ikiwa juu. Kwa hiyo tunawaambia watu waogope, na waweke akiba, katika msimu uleule ambao chakula ni ghali zaidi. Sidhani kama waliotunga kifungu hicho walikuwa na bei ya unga akilini. Ila matokeo yake ni hayo: hofu inanunua kwa bei ya kilele.

Kisha kuna wale ambao hata kununua mapema hawawezi. Sehemu kubwa ya mji huu inaishi kwa kadogo. Mafuta ya kupikia ya shilingi 20 yanapimwa kwenye kikombe, sukari robo inafungwa kwenye karatasi, mafuta taa yananunuliwa ya usiku mmoja. Mtu wa kadogo hanunui hivyo kwa kutojua kwamba beli ni nafuu. Hana pesa za beli. Na akizipata, chumba chake ni futi 10 kwa 10, kina kitanda, meza, jiko na mitungi ya maji, na mabati ya juu yanapika kila kitu kuanzia saa nne asubuhi. Nimeona beli la unga, pakiti 12, likiwa limesukumwa chini ya kitanda Julai, ubao umewekwa chini yake usishike unyevu wa sakafu. Lilipofunguliwa Septemba, unga wa pakiti za chini ulikuwa umefanya madonge na ulikuwa mchungu. Ulipikwa hivyohivyo na ukaliwa. Akiba ile ilinunuliwa kwa pesa za karo ya muhula wa tatu.

Twende sasa upande wa pili wa kaunta, kwa sababu hofu ya mnunuzi ni nusu tu ya kisa.

Mwenye duka mmoja wa Kayole alikuwa na daftari la madeni, lile kubwa la kurasa 200, kila mteja na ukurasa wake. Daftari hilo ndilo benki ya mtaa. Linabeba familia kutoka tarehe 20 hadi mshahara, linabeba mgonjwa, linabeba fundi aliyecheleweshewa malipo. Katikati ya Julai alilifunga. Mama mmoja, mteja wake wa miaka, alikuja kuandikisha unga na majani chai.

"Mathe, kitabu nimefunga. Siasa ipite kwanza."

"Na watoto nitawapikia nini, siasa?"

"Si wewe, mathe. Ni kila mtu."

Alimpimia sukari ya pesa aliyokuwa nayo mkononi, na ikaishia hapo. Wala si kwamba alikuwa na roho mbaya. Nilipomuuliza alinieleza kitu chenye mantiki kabisa. Wa holseli aliyezoea kumpa mali alipe Jumamosi sasa anataka pesa taslimu kabla ya kushusha. Mteja akikimbilia mashambani, deni linakimbia naye, na hajui kama atarudi plot ileile. Duka likivunjwa, hakuna bima itakayolipa. Kwa hiyo alikuwa anauza alichonacho na kupunguza mali rafuni, ili kikitokea chochote apoteze kidogo.

Ukiitazama Nairobi nzima kwa dirisha hilo, unaona mtego. Mnunuzi anataka kununua mengi kwa sababu anahofia duka litakosa. Mwenye duka anaweka machache kwa sababu anahofia duka litaporwa. Wa holseli anakaza mkopo kwa sababu anawahofia wote wawili. Kila mmoja akiulizwa atakupa sababu ambayo huwezi kuikataa, na wote watatu kwa pamoja wanatengeneza uhaba ambao kila mmoja alikuwa anaukimbia. Nao uhaba huo unakuwa ushahidi: umeona, si nilikwambia? Hakuna mwanasiasa aliyehitaji kuchochea chochote kufikia hapo.

Benki nazo hazikuwa za kukimbilia. Sheria ya kudhibiti riba ilikuwa imeanza kazi Septemba 2016, na tangu hapo benki zilikuwa zimewaacha wafanyabiashara wadogo na kupendelea kuikopesha serikali. Daftari la duka lilikuwa karibu mkopo pekee uliobaki mtaani, na hofu ikalifunga.

Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, stendi ya Machakos Country Bus hapa Nairobi ilijaa magodoro. Wengine walikuwa wanasafiri kwa sababu walijiandikisha kupigia kura nyumbani, na ni vizuri kulisema hilo, maana si kila aliyepanda basi alikuwa anakimbia. Lakini mtu hapeleki jokofu kupiga kura. Nauli ya kwenda Kisumu, Busia na Kakamega ilipanda kama inavyopanda Desemba, ila Desemba watu huwa wamejiandaa. Mtindo uliozoeleka ulikuwa mke na watoto kwenda, baba kubaki kulinda nyumba. Hivyo familia moja ikawa na majiko mawili, na pesa za M-Pesa zikaanza kutoka mjini kwenda kijijini kila baada ya siku chache, pamoja na ada ya kutuma na ya kutoa. Mama mboga aliyebaki mjini akawa anarudi na sukuma wiki iliyonyauka, kwa sababu walaji walikuwa wameenda zao.

Serikali ilitangaza kwamba zaidi ya maafisa 150,000 wa usalama wangesimamia uchaguzi, wakiwemo askari magereza na walinzi wa misitu na wanyamapori. Kwa mkazi wa Lavington, mtaa wa wenye pesa, tangazo hilo huenda lilikuwa faraja. Kwa kijana wa Mathare, mtaa wa mabanda, lilikuwa sababu nyingine ya kuondoka. Kisha tarehe 31 Julai ikajulikana kwamba Chris Msando, mkuu wa teknolojia wa tume ya uchaguzi, ameuawa, siku nane kabla ya kura. Aliyekuwa bado anasita kununua hakusita tena.

Kura ikapigwa tarehe 8 Agosti, matokeo yakatangazwa usiku wa tarehe 11. Umoja, Buruburu na sehemu kubwa ya Kayole zilikuwa kimya. Kibera, Mathare na Kisumu hazikuwa. Human Rights Watch na Amnesty International ziliandika baadaye kwamba watu wasiopungua 33 waliuawa Nairobi peke yake katika siku hizo, wengi wao kwa risasi za polisi. Nalisema wazi ili mtu asije akadhani ninadai hofu ilikuwa ya bure. Mathare hofu ilitimia. Lakini siku zilezile katikati ya jiji ungeweza kuvuka Tom Mboya Street bila kutazama pande zote, maduka yamefungwa au yamefunguliwa mlango nusu, na vibarua wa Kayole ambako hakukuwa na fujo walikosa kazi juma zima sawasawa na wale wa Mathare.

Watu wakaanza kurudi. Magodoro yakapanda basi tena, nauli ikalipwa tena. Halafu tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta matokeo ya urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika, na ikaagiza uchaguzi mpya ndani ya siku 60. Niliuona uamuzi ule kuwa wa heshima kubwa, na bado ninauona hivyo. Lakini siku hiyohiyo Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha biashara kwa muda baada ya bei kuporomoka, na mtaani swali lilikuwa la kawaida zaidi: tuanze tena, na kwa pesa gani? Akiba ya Julai ilikuwa imeliwa. Karo ilikuwa imeliwa. Msimu wa pili wa hofu ulikuta watu wasio na cha kuihudumia hofu hiyo.

Ndiyo maana Oktoba ilikuwa mbaya kuliko Agosti kibiashara. Tarehe 10 Raila akajiondoa kwenye marudio, tarehe 26 kura ikapigwa huku sehemu za Nyanza zikishindwa hata kufungua vituo. Kipimo cha benki ya Stanbic kinachowauliza mameneja wa makampuni kuhusu oda, uzalishaji na ajira, ambacho chini ya 50 humaanisha biashara inasinyaa, kilishuka hadi 34.4 mwezi huo, kiwango cha chini kabisa tangu kianze mwaka 2014. Ripoti ya serikali ya mwaka uliofuata ilionyesha uchumi ulikua kwa asilimia 4.9 mwaka 2017, kutoka 5.9 mwaka 2016. Ukame na ukosefu wa mikopo vina sehemu yao katika pengo hilo, na sitaki kulibebesha hofu lote. Ila Agosti na Oktoba ukame ulikuwa uleule na mabenki yaleyale. Kilichoongezeka ni kwamba watu walikuwa wamechoka kungoja na hawakujua wanangoja mpaka lini. Hofu yenye tarehe ya mwisho, mtu huipangia. Iliyokosa tarehe humfanya aache kupanga kabisa: fundi haendi kununua saruji, bibi harusi anasogeza harusi, mwenye duka haagizi mali ya Krismasi.

Novemba hofu ikaingia hadi kwenye maziwa. Tarehe 3 muungano wa upinzani wa NASA, ulioongozwa na Raila, uliwataka wafuasi wake wasusie bidhaa za Safaricom, Brookside na Bidco. Sasa pakiti ya maziwa kwenye kaunta ikawa kadi ya chama. Mwenye duka wa Kayole, ambaye plot zinazomzunguka zina watu wa kila kabila, alianza kuweka maziwa ya aina mbili na kuyaficha yote chini, anayatoa kulingana na anayeuliza. Sikuwahi kuona biashara ya maziwa ikifanywa kwa kunong'ona. Ni jambo dogo, lakini kwangu linaonyesha hofu ilikofika: mtu anunue chai ya asubuhi huku akitazama nani yuko nyuma yake.

Baada ya Machi 2018 daftari lilifunguliwa tena, si mara moja, ukurasa mmoja mmoja. Kuna wateja ambao kurasa zao zilikuwa zimefungwa kwa deni la Juni 2017 na hawakurudi tena mtaa ule. Mama wa majani chai alirudi. Hakuna aliyewalipa wenye maduka mauzo waliyoyakosa, wala vibarua siku zao, na sijasikia mtu yeyote mkubwa akilitaja.

Tumehubiriwa amani sana katika nchi hii. Kabla ya uchaguzi wa 2013 na wa 2017 redio, makanisa, misikiti na mabango vilijaa wito wa amani, na kwa maoni yangu wito huo uliwafundisha watu kunyamaza bila kuwaondolea hofu hata kidogo. Anayeambiwa kila saa adumishe amani anaelewa kwamba kuna vita vinakuja, naye anaenda kununua unga. Mwaka 2022 palikuwa na kitu tofauti: fomu za matokeo kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye mtandao wa tume, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuzisoma na kujumlisha. Nakumbuka watu ndani ya matatu wakisomeana namba kutoka kaunti zao, wakibishana juu ya hesabu badala ya makabila. Maduka mengi yalifungwa hata hivyo, kuanzia tarehe 9 Agosti hadi matokeo yalipotangazwa tarehe 15, na makamishna wanne waliyakana siku hiyohiyo. Lakini msimu wa hofu ulikwisha Septemba, mahakama ilipoamua kesi ya kupinga matokeo. Mtu anaogopa kidogo anapoweza kuhesabu mwenyewe. Polisi wakiacha kuua Mathare ataogopa kidogo zaidi, na hapo hakuna mabango yatakayohitajika.

Tangu Juni 2024 hofu imepata tarehe nyingine zisizo za kura, za maandamano. Juni 25 na Julai 7 sasa ni siku ambazo mwenye duka katikati ya jiji anashusha vyuma mapema, na baada ya uporaji wa Juni 2025 sina la kumlaumu. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kwa vyama vya akina mama ambavyo tayari vinanunuliana sufuria na mitungi ya gesi, ninashauri jambo moja la vitendo: ile zamu ya kuchangiana ifanyike Desemba 2026 au Januari 2027, mahindi ya Bonde la Ufa yanapokuwa yametoka tu shambani na gunia liko chini, na yanunuliwe mahindi makavu badala ya unga, yawekwe mahali pamoja penye hewa, yasagwe kwenye mashine ya posho kadiri yanavyohitajika. Mahindi makavu hukaa miezi mingi kuliko unga wa pakiti. Na wenye holseli wa Eastlands wakubaliane mapema na wateja wao wa duka kwamba mkopo wa Jumamosi hautakatwa Julai, hata kama utapunguzwa nusu, kwa sababu daftari likifungwa pale juu linafungwa hadi kwa mtoto anayetumwa sukari ya shilingi 10.